Bangili ya Marehemu Kapaya

Ukiwa na watani Wazaramo, usiweke kitu chini msibani. Nyamizi alilijua hilo tangu utotoni, Mnyamwezi aliyezaliwa Tabora na kukulia Tabora, na bado akakosea. Aliinama kupokea kikombe cha chai, akaitua bangili ya marehemu kwenye mkeka, akapuliza chai mara mbili. Alipogeuka, bangili haipo.

Mwanamvua alikuwa ameshaivaa.

Mwanamvua Pazi, muuza vitumbua wa mtaa huo, ndiye aliyekuwa mtani mkuu siku ile. Tangu asubuhi alikuwa amevaa kofia ya marehemu na koti lake la useremala lenye gundi kavu mifukoni. Jeneza lilipotoka alilala njiani, akakataa lipite mpaka Wanyamwezi wakiri mbele ya watu kwamba hawajui kupika wali. Sasa walikuwa wamerudi kutoka makaburini, na alikuwa amepata pambo jipya. Akaanza kuchechemea kama Kapaya, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeinuliwa juu ili bangili ionekane.

"Nani kasema nimekufa?" alifoka kwa sauti nzito. "Kabati la mama Kulwa nani atalimalizia? Mnyamwezi bwana, hata akizikwa anafufuka kutafuta mzigo wa kubeba!"

Watu walicheka hadi machozi. Hata Msonde, mjane, ambaye kwa siku tatu hakuwa amefumbua mdomo ila kulia, alijifunika khanga mabega yakitikisika, na safari hii ilikuwa ni kicheko.

"Mwanamvua, lete hicho kitu," alisema Nyamizi. "Ni mali ya Idara."

"Ya Idara? Mkono ni wangu, bangili ni yangu, na wewe dada mkaguzi umekaa kwenye mkeka wangu!"

Akatoka mbio. Akaingia nyumba ya kwanza, akamkumbatia bibi wa watu, akatoka, akaingia ya pili. Nyamizi hakumfuata. Mtani hakasirikiwi, na mkaguzi wa Idara ya Kinga kumkimbiza mtani barabarani ingekuwa hadithi ya kusimuliwa mwaka mzima. Akanywa chai yake, macho barabarani. Katika miaka kumi na minne ya kazi hajawahi kuiacha bangili ya maiti nje ya mfuko. Utaratibu ulikuwa mmoja: fungua kwa koleo, tia kwenye mfuko wa rangi ya fedha unaozima mawimbi, funga, peleka ofisini pamoja na cheti. Mpaka bangili irudi, kifo hakihesabiwi.

Baada ya saa nzima Mwanamvua akarudi, anahema, jasho linamtoka. "Haya, chukua. Jamani, mtaani kwenu watu hawana hata karanga za kumpa maiti." Akanyoosha mkono. "Halafu tazama ajabu. Nina homa ya mtu aliyeko kaburini!"

Watu wakacheka tena. Nyamizi akautazama mkono ule, na hakucheka.

Taa ya bangili ilikuwa njano. Bangili ikikosa mwili huzimika. Ikipata mwili husoma mwili huo, joto, mapigo, pumzi, na kuupelekea mnara. Hivyo ndivyo kila mtoto alivyofundishwa shuleni. Kijani ni mzima. Njano ni homa, na njano ikiwaka na mkaguzi akithibitisha, komeo la chuma lililofungwa na serikali kwenye kila mlango huanguka palepale ulipo, na hutoki kwa siku ishirini na moja. Kwenye kioo kidogo cha bangili iliyokuwa mkononi mwa Mwanamvua palisomeka joto thelathini na tisa nukta nne, moyo mia na kumi na nane.

Nyamizi alizijua tarakimu hizo. Alikuwa amezisoma siku ya kumfungia Kapaya.

"Hebu kaa," alimwambia Mwanamvua. Akamshika kifundo cha mkono mwingine, akahesabu kwa saa yake kama walivyokuwa wakifanya wauguzi wa zamani. Themanini na sita, na huyo ametoka kukimbia. Ngozi yake ilikuwa ya baridi kwa jasho.

"Vipi, nakufa?" Mwanamvua aliuliza, bado anacheka.

"Hapana," Nyamizi alisema. "Wewe ni mzima kabisa." Akaitia bangili kwenye mfuko, akaaga.

*

Jikoni kwake aliifungua tena. Akaivisha kwenye shingo ya mtungi wa maji, ule wa udongo ambao maji yake huuma meno kwa baridi. Thelathini na tisa nukta nne. Akaivisha mchi. Mchi nao ulikuwa na homa, na moyo wake ulipiga mia na kumi na nane. Alipokuwa bado anautazama, tarakimu zikapanda: nukta tano. Mchi ulikuwa unazidiwa.

Alikaa chini sakafuni. Kapaya alifungiwa ndani ya karakana yake, peke yake na mbao zake. Nyamizi alikuja na kishikwambi, akasimama nje ya mlango, kwa sababu sheria inataka binadamu athibitishe kabla komeo halijaanguka. Kapaya alizungumza kwa utulivu, kama mtu anayeelekeza njia.

"Dada Nyamizi, homa sina. Mimi nina sukari, unajua. Dawa yangu iliyobaki ni ya siku tisa. Nyoosha mkono unishike paji la uso, basi."

Hakumshika. Kwa nini amshike, na bangili ipo? Akabonyeza kidole gumba. Sinia za angani, zinazoruka bila rubani, zilimletea Kapaya ugali na maharage kila siku kupitia dirisha la juu, ila dawa ya sukari haikuwa kwenye orodha ya posho. Maombi yalipelekwa. Maombi yalipokelewa. Siku ya kumi na moja Msonde, aliyekuwa akikaa nje ya karakana kuongea na mumewe kupitia ufa, aliita asijibiwe.

Nyamizi alilia hapo jikoni, kilio cha aibu, kisicho na sauti. Kishikwambi kikalia kabla hajamaliza.

Ilikuwa orodha. Majina arobaini na matatu, yote ya mtaa ule ule, ya kwanza Msonde na bintiye Shija. Sababu: wamegusana na mgonjwa Kapaya leo kati ya saa saba na saa nane mchana. Thibitisha kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Mashine ilimwona Kapaya akitembea. Ilimwona akiingia nyumba hadi nyumba, akikumbatia watu. Mashine haikujua kwamba maiti ana watani. Nyamizi alitaka kucheka, akakumbuka Shija, na kicheko kikakauka. Shija alikuwa na miaka tisa na seli mundu, na mifupa ikimshika lazima apelekwe zahanati akatundikiwe maji na kupewa dawa ya maumivu, siku hiyo hiyo. Sinia za angani hazijui kutundika maji.

Akachukua mfuko, akaenda kwa mkubwa wake.

*

Dokta Lwitiko ndiye aliyemfundisha kazi. Ukutani ofisini kwake palikuwa na bango la Idara, mtindo wa zamani, limefifia: MFICHA MARADHI KILIO HUMUUMBUA. Nyamizi alikuwa amelipita bango hilo miaka yote bila kulisoma.

Akaweka bangili juu ya meza, akaivisha glasi ya maji. "Daktari, glasi yako ina homa."

Mzee akaigusa glasi kwa ncha ya kidole. "Funga mlango, mwanangu."

Akaufunga.

"Vipimo vya ndani ya bangili viliharibika mwaka wa tatu wa makomeo," alisema Lwitiko. "Jasho, sabuni, vumbi. Kutengeneza vingine haikuwezekana."

"Vya nani?"

"Vya wote. Hata hicho chako."

Nyamizi akautazama mkono wake. Kijani, kama kawaida, joto thelathini na sita nukta saba. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiamka asubuhi, anaitazama tarakimu hiyo, na kushukuru.

"Sasa hizi namba zinatoka wapi?"

"Zinatoka makao makuu. Mashine inajua umepita wapi, umekaa na nani, unakunywa maji ya kisima gani, mnalala wangapi chumba kimoja. Inakisia nani ataugua. Halafu inaipelekea bangili yake homa."

"Inampelekea homa mtu mzima!"

"Sikiliza. Mtu hakubali kufungiwa kwa hesabu. Tulijaribu, mwanzoni. Walituuliza maswali, walikwenda mahakamani. Kwa homa anakubali, tena anashukuru."

"Na hiyo mashine inapatia?"

Lwitiko akavua miwani. "Anayefungiwa akiugua, tumepatia. Asipougua, tumemkinga."

"Akifa je?"

Lwitiko akaifuta miwani kwa ncha ya shati. Nje gari la matangazo la Idara lilikuwa likipita, linawakumbusha wananchi kuosha bangili zao kwa maji ya uvuguvugu.

"Mama yako alikufa kwa ugonjwa gani, Nyamizi?" aliuliza hatimaye, na wala hakuuliza kwa ukali. "Na kaka zako wawili. Wiki moja, siyo? Mimi ndiye niliyewanyunyizia dawa kabla ya kuzikwa. Homa Kavu ilizoa watu mji huu mpaka mbao za majeneza zikaisha. Tangu tuweke makomeo, haijarudi. Miaka kumi na minne! Nenda ukawaambie ukweli, watazivua bangili kesho asubuhi. Itakaporudi, watoto wao utawazika wewe?"

Hapo ndipo palipomuuma, na mzee alijua. Nyamizi alimkumbuka mama yake akihangaika kuvuta pumzi, midomo imepasuka. Angefungia mji mzima, angefungia dunia, mama yake asife vile. Kwa ajili hiyo ndiyo aliyaomba magwanda haya.

"Haijarudi kwa sababu ya makomeo," alisema polepole, "au haijarudi kwa sababu imekwisha?"

"Hatuwezi kujua. Ili tujue ni lazima tuyafungue."

"Na hamtayafungua."

"Wewe ungeyafungua?"

Nyamizi akaisogeza glasi mbele ya mzee. Akasema alilokuwa nalo. "Watu arobaini na watatu wanafungiwa kwa utani wa msibani, Daktari. Hilo tunalijua wote wawili. Futa orodha."

"Nikiifuta nitaulizwa kwa nini, na jibu lake ni glasi hii. Siku ishirini na moja si milele."

"Shija ana seli mundu."

"Tutapeleka maombi."

"Hata ya Kapaya yalipelekwa!"

Lwitiko akainama. Alionekana amechoka kuliko umri wake, na Nyamizi alimwonea huruma huku hamwamini hata chembe. "Sikulazimishi," alisema mzee. "Sheria iko wazi. Bila kidole cha mkaguzi, komeo halianguki. Mwanadamu ndiye anayeamua, sisi tulipigania kifungu hicho. Ukiona haifai kuthibitisha, usithibitishe. Ila ulimi wako uulinde."

Nyamizi akaivua glasi bangili yake, akaondoka nayo. Mzee hakumzuia.

*

Alifika msibani mbio, saa kumi na moja na nusu. Watu walikuwa bado chini ya turubai, masufuria yanaoshwa, wazee wanapanga nani alale matangani. Msonde alikuwa ameketi karibu na mlango wa nyumba yake. Shija alikuwa ndani amelala, mifupa imeanza kumshika tangu asubuhi, walikuwa wanasubiri dawa ya kwanza imtulize ndipo wampeleke zahanati.

Nyamizi hakujua kuhutubia. Aliivisha bangili kwenye mpini wa sururu uliokuwa umeegemezwa ukutani, ile iliyochimba kaburi, akawaita waje waone. Kisha akasema yote, vibaya vibaya, akirudia maneno. Kwamba bangili hazipimi. Kwamba homa inatoka ofisini. Kwamba ipo orodha, na majina yao yamo, kwa sababu Mwanamvua alivaa bangili ya marehemu.

"Mimi?" Mwanamvua akashika kifua. "Jamani, mimi si nilikuwa natania!"

"Najua. Kosa ni langu, si lako." Akamgeukia Msonde. Hii ndiyo sehemu aliyoiogopa njia nzima. "Mama Shija, aliyemthibitisha baba Shija ni mimi. Kidole ni hiki. Aliniambia nimshike paji la uso, sikumshika."

Msonde alimwangalia bila kupepesa.

"Alikuwa ananiambia kwenye ufa," alisema. "Kila siku. 'Nyamizi atakuja kufungua, yule si mtu mbaya.' Mpaka ile siku ya mwisho." Akamnyooshea kidole. "Nyie watu wa Idara. Mngekuja mkasema, jamani, tunahisi ugonjwa, kaeni ndani. Tungekaa! Nani hapa hakuzika mtu wa Homa Kavu? Tungekaa wenyewe, na dawa yake ningempelekea mimi, nife nayo mimi. Mngesema tu."

Mwanamvua ndiye aliyeuliza, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Na hiyo homa yenyewe, dada, ipo au haipo?"

"Sijui," alisema Nyamizi. Watu wakanong'ona. Hawakuwa wamewahi kumsikia mtu wa Idara akitamka neno hilo. "Inaweza kurudi. Ofisini nao hawajui. Ninachojua ni kwamba mimi sitabonyeza kidole, na bila kidole hakuna mlango utakaofungwa leo. Mengine mtaamua wenyewe."

Akainua kishikwambi juu ili waone orodha haijaguswa. Saa kumi na mbili kasoro dakika moja. Mzee mmoja akaanza kusema kwamba yeye binafsi angependa kubaki na bangili yake, amezoea. Mwingine akamwambia basi baki nayo, nani kakunyang'anya.

Makomeo yakaanguka.

Yalianza nyumba ya mwisho wa mtaa, yakaja moja moja, tak, tak, tak, hadi mlango uliokuwa nyuma ya mgongo wa Msonde. Kwenye kishikwambi yaliandikwa maneno ya kijani: Imethibitishwa na mkaguzi Nyamizi Mhoja, saa 12:00 jioni. Asante kwa huduma yako.

Nyamizi alikitazama kidole chake. Hakikuwa kimegusa kitu. Akatambua kwamba labda hakikuwahi kuhitajika hata siku moja, kwamba na yeye walimpa kitu cha kubonyeza ili alale usingizi. Alitaka kuwaeleza watu hilo, lakini hawakuwa wakimwangalia tena. Walikuwa wanaangalia mikono yao.

Njano. Arobaini na watatu, turubai zima, njano tupu. Na mkono wa Nyamizi pia, ambaye jina lake halikuwemo kwenye orodha.

Walikuwa wametoka kuambiwa. Walikuwa wameona mpini wa sururu ukiwa na homa. Na bado kila mtu alijivuta kando ya mwenzake, mume na mke, jirani na jirani, mpaka chini ya turubai pakawa na nafasi katikati ya watu. Kimya kimya wakaanza kujishika mashavu. Nyamizi, pamoja na yote aliyoyajua, akajikuta amejishika paji la uso. Lilikuwa la moto. Jua, alijiambia, ni jua na kukimbia. Hakuwa na hakika.

Ndani, Shija akalia. "Mama! Mama, miguu!"

Msonde ndiye pekee aliyekuwa hajautazama mkono wake. Akaichukua sururu, akapiga mlango kwenye bawaba. Akapiga tena. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na mlango ulikuwa mninga, kazi ya mumewe. Nyamizi akamkimbilia, kisha akasimama hatua mbili kabla hajamfikia.

Msonde akageuka. Akanyoosha kiganja, akakiweka kwenye paji la uso la Nyamizi, kisha shingoni, kama mama anavyompima mtoto.

"Wa moto kidogo," alisema. "Una homa?"

"Sijui, mama Shija."

"Hata mimi sijui." Akaipachika ncha ya sururu kwenye upenyo wa mlango. "Shika huku."

Nyamizi akashika. Wakavuta pamoja, bawaba ya juu ikalia bila kuachia.

"Anayeogopa akae mbali, simlaumu," Msonde alipaza sauti bila kugeuka. "Anayekuja, aje."

Mwanamvua alikuja wa kwanza, amelitupa koti la marehemu. Baada yake wakaja wawili, halafu mmoja. Wengine walibaki mahali walipokuwa, na hakuna aliyewaita. Mvuto wa tatu mlango ukatoka na fremu yake, ukaanguka ndani na vumbi, na Msonde akapita juu yake. Alitoka na binti yake mgongoni, amemfunga kwa khanga ya msiba, akashika njia ya zahanati kwa haraka. Nyamizi alimfuata kwa nyuma, umbali wa mtu anayehofu kwamba huenda ni mgonjwa.